Shajara ya mradi: MX-5 ya 1996, kutu ya vizingiti na MOT ya Machi

Jumamosi, 6 Januari 2024

Cheti cha kipimo cha gari, yaani MOT, kinaisha tarehe 14 Machi. Nina wiki tisa na siku chache, kwa hiyo naanza kuandika leo, nisije nikasahau nilichofungua, nilichofunga na nilichoahirisha.

Gari ni Mazda MX-5 ya mwaka 1996, injini ya 1.8, nyekundu, paa la turubai, viti viwili, na taa za mbele zinazoinuka kutoka kwenye boneti kama macho yanayofumbuka. Nililinunua Oktoba hapa Northampton kwa akiba yangu ya miaka miwili ya zamu za usiku. Watu wananiuliza kwa nini nihangaike na gari la miaka 28. Nalipenda. Mazda walilionyesha kwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya Chicago, Februari 1989, na kufikia Aprili 2016 walikuwa wameshaunda la milioni moja. Hakuna gari la michezo la viti viwili lililowahi kuuzwa kwa wingi kama hili. Waundaji wake walikuwa na neno lao la Kijapani, jinba ittai, yaani farasi na mpandaji kuwa mwili mmoja. Ukikata nalo kona kwenye barabara za mashambani huku unalielewa neno hilo kwa mgongo na viganja.

Kwa walioko nyumbani wasiokijua kipimo hiki: Uingereza kila gari likitimiza miaka mitatu hupimwa kila mwaka. Wanakiita MOT, herufi za iliyokuwa Wizara ya Uchukuzi. Kilianza mwaka 1960, na wakati huo kilihusu magari yaliyofikisha miaka kumi tu. Hupimwi kwenye ofisi ya serikali bali kwenye gereji yenye kibali, na ada ya gari dogo haitakiwi kuzidi pauni 54.85. Ukianguka hakuna wa kumbembeleza. Bila cheti huendeshi barabarani, labda uwe unaelekea kwenye kipimo ulichokiwekea miadi au kwa fundi. Gari likifikisha miaka 40 bila kubadilishwa sana husamehewa kipimo. La kwangu bado miaka 12.

Jioni hii nimekaa na simu nikisoma rekodi zake. Hili ni jambo jema kabisa la nchi hii: unaingiza namba ya gari kwenye tovuti ya serikali na kusoma kila kipimo tangu 2005, lilipofaulu, lilipoanguka, na maili zake. Gari langu limeandikwa hivi. 2018, safi. 2019, limefaulu kwa tahadhari: vizingiti vya milango, pande zote mbili nyuma, kutu. 2020, tahadhari ileile. 2021, hakuna neno. 2022, hakuna. 2023, hakuna.

Aliyeniuzia alinipa faili zima la risiti. Nimezipanga mezani kwa mwaka. Kuna risiti za oili, matairi, betri, mkanda wa injini. Risiti ya kuchomelea haimo.

Kutu haiponi yenyewe.

Jumamosi, 13 Januari

Digrii mbili nje. Nimelipandisha kwenye stendi nne na kulala chini na tochi, kipande cha sumaku na mpini wa bisibisi.

Kizingiti ninachokisema ni ule mhimili mrefu unaopita chini ya mlango, kutoka tairi la mbele hadi la nyuma. Kwenye gari lisilo na paa la chuma mhimili huu ndio uti wa mgongo. Ukioza, gari linapinda katikati. Kwenye MX-5 mara nyingi huoza nyuma kabisa, inchi chache kabla ya tairi la nyuma. Kila anayelijua gari hili huanzia hapo.

Nimepitisha sumaku taratibu kuanzia mbele. Imenata, imenata, imenata. Kiasi cha shubiri moja kabla ya tairi la nyuma la kushoto imeachia na kudondoka chini. Nimejaribu tena, imedondoka tena. Upande wa kulia ni hivyohivyo, ila eneo dogo kidogo. Nimegonga kwa mpini. Penye bati panalia ti, penye kasoro panatoa sauti nzito ya kitu kilichokufa. Chini ya rangi ile nyekundu nzuri hakuna bati. Kuna fila, ule unga laini wa kuzibia bodi unaogandishwa, nene kama kidole gumba, imekandwa, imepigwa msasa, imepakwa rangi, na juu yake ile lami nyeusi ya chini ya gari ili macho yasipumzike hapo.

Nimekaa kwenye ngazi ya mlango nusu saa. Sikuhuzunika kwa sababu ya pesa. Nilihuzunika kwamba kuna mtu aliliona hili, akalielewa, akaamua kuliziba ili mwingine alipande kwa kasi ya maili 70 akiwa amefunga mkanda ulioshikiliwa na unga uliogandishwa. Sijui ni nani na sitamtafuta.

Kanuni ya kipimo kuhusu kutu ni ya busara. Mkaguzi hahangaiki na kutu ya urembo. Anahangaika na kutu iliyo ndani ya sentimita 30 kutoka mahali panapobeba uzito au uhai: panapofungwa mkanda wa kiti, panaposhikwa sasipensheni, usukani, breki. Mwisho wa kizingiti cha MX-5 umezungukwa na vitu hivyo. Na fila haihesabiki kuwa matengenezo. Bati la kubeba mzigo linachomelewa, tena mshono mfululizo, si vidonge vidonge.

Jumapili, 14 Januari

Nimempigia mjomba Tanga kwa video. Alikuwa fundi bodi Ngamiani kwa zaidi ya miaka 30, Peugeot 504 na Land Rover alizozitoa mkononi mwake hazihesabiki, na mimi nilikulia kwenye gereji yake nikimshikia taa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Mbona umevaa kofia mbili?"

Nikamweleza. Nikashuka na simu chini ya gari nikamwonyesha lile tundu, kwani nilikuwa nimeshakwangua fila upande wa kushoto na ngumi yangu ilikuwa inaingia. Akaangalia kimya, kisha akasema, "Usinionyeshe tundu. Tundu nimeliona. Nionyeshe maji yanapoingilia."

Sikuwa na jibu.

"Ukichomelea bati jipya juu ya maji yaleyale, mwanangu, umejinunulia miaka miwili. Kutu unayoiona ni ya juzi. Nitafutie ya leo."

Akaniuliza kama barabara za huku zinamwagwa chumvi. Nikamwambia ndiyo, msimu wote wa baridi malori yanapita usiku yakimwaga chumvi ya mawe ili barafu isigande. Akacheka kwa furaha kabisa, cheko la mtu aliyekutana na mtu wa kwao. Maana chumvi anaijua. Gari la Tanga linalolala karibu na bahari na gari la Lushoto ni magari mawili tofauti hata kama yametoka bandarini siku moja. Akanikumbusha kuwa babu yetu alikuwa fundi wa mashua Pangani, na kwamba chombo cha mbao nacho hakiozi kwa maji ya nje. Maji ya nje kinayaogelea miaka na miaka. Kinaoza kwa maji yaliyokaa ngamani, huko tumboni mwa chombo, bila kukumbwa. Kwa hiyo babu alikuwa na kazi mbili zisizokwisha: nje kupaka deheni, ule mchanganyiko wa chokaa na mafuta, na sifa, yaani mafuta ya papa, kwenye mbao za juu; ndani kuhakikisha maji hayalali.

"Sasa wewe hilo gari lako ngama yake iko wapi?"

Jumamosi, 20 Januari

Ngama nimeipata.

Paa la turubai likifungwa, maji ya mvua yanatiririka nyuma na kuingia kwenye mfereji wa plastiki uliofichwa nyuma ya viti. Mfereji una mipira miwili ya kutolea maji, kulia na kushoto, inayoshuka nyuma ya minara ya mikanda na kutokea chini ya gari, mbele kidogo ya tairi la nyuma. Ndivyo ilivyoundwa, na ni kazi nzuri. Lakini gari likilala chini ya mti, majani na vumbi vinaingia, vinageuka tope, na mpira unaziba. Maji yakikosa njia yanafurika pembeni, yanaingia ndani ya kizingiti. Kizingiti nacho kina vitundu vyake vya chini vya kutolea maji, na vitundu hivyo aliyepiga lami amevifunika vyote. Nyumba ya kutu imejengwa, imeezekwa, imefungwa mlango.

Nilimimina jagi la lita mbili kwenye mfereji upande wa kushoto. Nikasubiri. Chini hakikutoka kitu. Nikaweka mkono chini ya zulia la kiti: baridi na majimaji, na harufu ya kisima.

Mipira hii usiipulize kwa kompresa. Ikichomoka kwenye kiungio chake huko ndani hutaiona tena bila kufumua nusu ya gari. Nimetumia uzi mnene wa plastiki wa mashine ya kukatia nyasi, nikauzungusha vidoleni polepole, nikivuta na kusukuma kwa dakika 40. Upande wa kushoto ulitoka tope jeusi, majani, na mbegu moja iliyokuwa imeshaanza kuota. Nikamimina jagi la pili. Yalitoka kwanza kwa matone, kisha mkondo.

Nimempigia mjomba papo hapo nikamwonyesha yale maji yanavyoanguka kwenye zege. Alisema neno moja tu, "Haya."

Jumapili, 28 Januari

Viti nje, zulia nje, plastiki za ndani nje. Kila kiti bolti nne, mbili za nyuma za kushoto zimegoma hadi nikazilowesha mafuta usiku kucha. Zulia nimelitundika kwenye chumba cha bafu na linachuruzika hadi sasa ninavyoandika.

Betri ya MX-5 iko kwenye buti upande wa kulia. Nimeichomoa, nikaitoa kabisa. Anayechomelea gari hili akumbuke mambo mawili: nyaya nyingi zinapita kandokando ya kizingiti kwa ndani, na tangi la petroli liko nyuma ya viti. Nimezivuta nyaya pembeni na kuzifunika kwa kitambaa kisichoshika moto.

Jumamosi na Jumapili, 3 na 4 Februari

Mashine ya kuchomelea ni ya jirani yangu, mzee wa Kiingereza aliyefanya kazi ya vyuma maisha yake yote. Mkono wangu si wa kuchomelea mahali panaposhikilia mkanda wa usalama, na nimeona ni heri nikubali hilo mapema. Nimekata mimi, amechomelea yeye.

Kukata nimekata kwa grinda, polepole, nikirudi nyuma hadi kufikia bati linalong'aa. Hapo ndipo watu hukosea: wanakata tundu lililopo badala ya kukata hadi penye uzima, halafu wanachomelea bati jipya kwenye bati jembamba kama karatasi, na mshono unakatika mwaka unaofuata. Upande wa kushoto kipande nilichotoa kilifika sentimita 38. Kulia 24.

Ndani nimekuta matabaka matatu. Bati la nje ndilo linaloonekana. Nyuma yake kuna bati la kuimarisha, na nyuma yake tena bati la ndani linalopakana na sakafu ya gari. Aliyepiga fila alishughulika na la kwanza tu. La katikati lilikuwa limebaki pindo, na la ndani lina vitundu vitatu kama vya msumari. Nilichota vumbi la kutu kwa kijiko cha uashi na kujaza kopo la rangi la lita moja. Hicho ndicho chuma kilichokuwa kizingiti changu.

Tumetengeneza kutoka ndani kwenda nje: bati la ndani, la katikati, la nje, yote ya unene wa milimita 1.2, yaani si jembamba kuliko la asili. La nje nilinunua lililokwisha kukunjwa umbo, pauni 90 pande zote mbili. Kati ya tabaka na tabaka nilipaka praima ya zinki. Kabla hajachomelea chochote tulifunga na kufungua mlango mara nyingi kupima mwanya, maana gari lisilo na paa likikatwa kizingiti huku limekaa vibaya kwenye stendi, unalichomelea likiwa limepinda, na milango haitafunga tena milele. Stendi tuliziweka pale uzito wa gari unapokaa kawaida, na nikaegemeza ubao chini ya sakafu.

Mzee yule anachomelea kwa utulivu wa kusomesha. Sentimita mbili, anaacha, anahamia upande wa pili, anarudi. Joto likikaa mahali pamoja bati linajikunja. Nilimuuliza kama mshono mfululizo unatakiwa ufanywe kwa mkono mmoja usioinuka. Akaniambia mfululizo ni matokeo. Njia ya kufika huko ni vipande.

Nilihesabu saa kumi na moja kwa siku mbili. Amekataa pesa. Mama yangu mdogo amempikia pilau na kachumbari, na ndoo nzima ya kaimati.

Jumamosi, 10 Februari

Rangi nje. Ndani nimepuliza nta ya moto kwa mrija mrefu, nikipitia kila tundu, hadi ilipoanza kuchuruzika kwenye vitundu vya kutolea maji. Kisha nikavizibua vile vitundu kimoja kimoja kwa waya kabla nta haijaganda. Nimezibua vyote. Nimeangalia mara mbili.

Mjomba ameiita nta hiyo deheni ya kizungu. Nimelipenda jina, nimeliandika kwa kalamu kwenye kopo.

Jumamosi, 17 Februari

Tangu juzi ninaweza kupima. Ukipima ndani ya mwezi mmoja kasoro siku moja kabla ya cheti kuisha, cheti kipya hubeba tarehe ileile ya mwaka unaofuata, hupotezi siku. Miadi nimeweka Alhamisi tarehe 29. Ramadhani inaingia wiki ya pili ya Machi na sitaki kulala chini ya gari kwenye baridi nikiwa nimefunga.

Leo ni siku ya vitu vidogo, na vitu vidogo ndivyo vinavyoangusha magari mengi. Balbu ya namba ya nyuma imekufa, nimebadili. Maji ya kuoshea kioo yanatoka. Raba za waipa mpya. Honi inalia. Matairi yana milimita tano na zaidi, sheria inataka 1.6 kwenye robo tatu ya katikati. Lakini namba za ubavuni zinasema 2312, wiki ya 23 ya mwaka 2012. Mkaguzi hataliangusha gari hili kwa umri wa matairi. Nimeagiza manne mapya hata hivyo, 185/60 ya inchi 14, kwani raba ya miaka kumi na zaidi inakuwa ngumu na barabara ya huku ina maji nusu ya mwaka.

Handbreki ilinipa kazi. Kwenye MX-5 breki ya mkono inabana diski za nyuma kupitia kalipa (vibanio vya pedi) zilezile za breki ya mguu, na ikilegea watu wengi hukimbilia kukaza waya karibu na mpini. Huko ni kuficha. Anzia nyuma: nyuma ya kalipa kuna bolti ya milimita 14, ni kifuniko tu, itoe, ndani utakuta tundu la ufunguo wa pembe sita wa milimita 4. Zungusha kufuata saa hadi pedi zishike diski, kisha rudisha theluthi ya mzunguko. Fanya kulia na kushoto, kanyaga breki mara kadhaa, ndipo uje kwenye waya kama bado kuna haja. Upande wangu wa kulia ulikuwa umelegea mizunguko miwili na nusu. Sasa mpini unashika kwenye meno matano. Kipimo kinataka handbreki ifikie asilimia 16 ya uzito wa gari na breki ya mguu asilimia 50, na magurudumu ya ekseli moja yasipishane zaidi ya asilimia 30.

Taa zinainuka zote mbili, ya kushoto kwa uvivu. Nimepaka grisi kwenye viungio vyake na sasa zinakwenda pamoja. Nilikaa nikizifumbua na kuzifumba kama mara ishirini. Watoto wa jirani walisimama dirishani wakipunga mkono, nami nikawakonyezea kwa gari.

Alhamisi, 29 Februari

Limeanguka.

Nilizunguka nalo dakika 25 ili injini na masega ya eksozi, kile kifaa cha kusafishia moshi, vishike moto. Masega yakiwa ya baridi hayasafishi kitu. Mkaguzi alikuwa kijana mpole anayefanya kazi kwa mpangilio. Breki kwenye rola: nyuma, mbele, mkono, zote juu ya mstari, handbreki asilimia 24. Mwanga wa taa umeangukia panapotakiwa. Akalipandisha juu.

Hapo nilisimama nyuma ya mstari wa manjano na moyo unanidunda. Wana kifaa chao cha kugongea bati, hawaruhusiwi kulichokonoa wala kulifumua gari. Alianza kushoto. Ti, ti, ti, kuelekea nyuma. Alipofika kwenye kazi yetu alisimama, akamulika, akapitisha kidole kwenye mshono kuanzia mwanzo hadi mwisho. Akagonga. Ti. Akahamia upande wa kulia. Ti. Hakusema kitu na hakuandika kitu. Nilipumua.

Kisha moshi. Kwa gari la umri huu lenye masega, injini inashikiliwa kati ya mizunguko 2,500 na 3,000 kwa dakika, na kaboni monoksaidi isizidi asilimia 0.2, hidrokaboni isizidi sehemu 200 kwa milioni, na kuna namba ya tatu, lamda, inayotakiwa kukaa kati ya 0.97 na 1.03. Ya kwanza ilisoma 0.08. Ya pili 41. Ya tatu 1.06. Akaacha injini itulie, akarudia. 1.06.

Kosa kubwa, hakuna cheti. Si kosa la hatari, kwa hiyo nimeruhusiwa kurudi nalo, na cheti cha zamani bado kina wiki mbili. Nina siku kumi za kazi kulirudisha kwa marudio ya sehemu tu, nikilipa sehemu tu ya ada.

Sikulia, lakini niliegesha njiani nikakaa kidogo.

Jumamosi, 2 Machi

Lamda ni uwiano wa hewa na petroli. Moja kamili maana yake hewa ni ile inayotosha kuunguza petroli yote, si zaidi si pungufu. Juu ya moja maana yake kuna hewa ya ziada. Sasa kama kaboni monoksaidi na hidrokaboni ni safi namna ile, injini inaunguza petroli vizuri na masega ni mazima. Hewa ya ziada haikutoka kwenye injini. Imeingia baadaye, njiani, kwenye bomba. Inasikika ajabu kwamba bomba linalotoa moshi linaweza kuvuta hewa, lakini moshi hutoka kwa mapigo, na kila baada ya pigo kuna mvuto. Penye upenyo, hewa ya nje inaingia na kwenda kusomwa na mashine.

Maji nayo yalikuwa hivihivi. Usitazame yanapotokea. Tafuta yanapoingilia. Sikumpigia hata mjomba.

Nimewasha injini ikiwa baridi, nikavaa glavu, nikaziba mdomo wa eksozi kwa tambara kwa sekunde chache huku sikio liko chini. Tsss. Kiungio cha bomba la mbele na masega, baada ya sensa ya oksijeni. Ndiyo maana kompyuta ya gari haikulalamika. Yenyewe inasoma kabla ya pale. Gasketi imeliwa upande mmoja kama biskuti, na mlio ule wa tik-tik-tik wa asubuhi, niliokuwa nikidhani ni vali, umetoka hapo.

Gasketi pauni 6. Bolti mbili, moja imekatika, imenila saa tatu za kutoboa. Nimeweka mpya za chuma kisichoshika kutu na nati za shaba ili atakayefuata asiteseke. Tambara tena. Kimya.

Ijumaa, 8 Machi

Dakika 25 za kuzunguka, kisha ndani. Kijana yuleyule, akanitambua. Mashine: 0.06, 33, lamda 1.00. Akageuza kioo nione mwenyewe.

Limefaulu bila tahadhari hata moja. Maili 104,612. Cheti hadi 14 Machi 2025. Akiwa anachapa aliniuliza nani alichomelea vizingiti, nikamwambia jirani yangu na mimi. Akasema ametazama vingi vya gari hili na vichache vilivyofanywa hadi ndani. Nimemfikishia mzee maneno hayo mlangoni kwake kabla sijaingia kwangu, na nimemtumia mjomba picha ya cheti.

Jumapili, 10 Machi

Mvua tangu alfajiri, ya huku, nyembamba na isiyokata. Mjomba amejibu picha ya cheti kwa ujumbe wa sauti: hongera, halafu, "Nionyeshe maji."

Nimetoka na mwavuli na simu. Nimelala ubavu kwenye zege nikamulika mbele ya tairi la nyuma la kushoto, kisha la kulia. Yanatoka pande zote mbili, mikondo miwili sawasawa, safi. Nimerekodi dakika nzima na kumtumia. Zulia nimelishika, ni kavu.